Kila Itoka na Njahi Yake

17 Machi

Hiki kitabu nilikinunua cha kuandika saa za mtoto kunyonya. Nesi wa kliniki ndiye aliniambia niandike. Niliandika siku nne nikachoka. Ngendo hunyonya anapotaka, na mimi nikisinzia nimekaa siioni saa. Kurasa zimebaki nyingi, basi nitaandika mengine.

Ngendo ni wa pili, ana miezi mitano. Wa kwanza ni Anita, yuko gredi ya pili. Baba yao, Muriithi, yuko Timau kwenye shamba la maua, huja mwisho wa mwezi. Humu ndani tuko mimi na watoto na cucu Nduta, mama ya mama yangu. Mimi pia ni Nduta, niliitwa jina lake. Mama alituacha mwaka juzi, na Ngendo ndiye ameitwa jina la mama. Cucu anasema alihamia kwangu kwa sababu mimi siwezi kuishi peke yangu.

Mvua bado. Sukuma wiki inanyauka mezani pangu sokoni kabla ya saa nne.

19 Machi

Anita ameleta kazi ya shule: achore mahali pa kale karibu na nyumbani, aeleze palikuwa pa nini. Mtaala huu mpya unasomesha akina mama. Mwezi uliopita nilitengeneza gari la makopo nikapata alama nzuri sana.

Nimemwambia achore kiwanja cha matoka. Kiko ng'ambo ya barabara, mkabala na meza yangu ya mboga hapa sokoni Giakanja. Ni nyasi tu, na katikati kuna matoka, yale maua makubwa ya kitunguu ambayo wazee wetu walipanda mpakani mwa mashamba. Huku hakuna mtu anayeng'oa itoka. Ukiling'oa umesogeza mpaka, na anayesogeza mpaka amelaaniwa. Hata ng'ombe akiingia pale anafukuzwa na mtu asiyemjua mwenyewe.

Lakini yataondoka. Mzee Gatimu, mwenyekiti wa soko, amepata tingatinga la kusawazisha kiwanja mvua ikiisha, lijengwe banda la mabati lenye meza za saruji. Jina langu liko kwenye orodha, la kumi na moja. Nikimwona Ngendo katika fikira zangu amelala chini ya bati, si chini ya hii nailoni inayovuja, moyo unatulia kabisa.

21 Machi

Nilienda Nyeri mjini na Ngendo mgongoni. Maktaba walinituma kwenye ofisi ya kumbukumbu za kale, chumba kimoja juu ya ngazi, na ndani nikamkuta mama anaitwa Benter. Ni mtu wa Siaya, amekaa kwetu miaka tisa na bado anavaa sweta mbili. Nilidhani ataniuliza barua ya chifu.

"Barua ya nini, mama? Hizi ni za umma," akasema. "Keti, mpe mtoto anyonye, mimi nitafute."

Sikujua kuna orodha ya mahali pa kale, na kila mahali pana nambari yake kama gari. Mashimo ya Gumba, wale watu wa kale walioishi chini ya ardhi, yamo. Mahali walipofulia chuma pamo. Mapango ya msituni yamo. Na kiwanja chetu kimo! Mtafiti fulani alipita huku mwaka wa 1987 akaandika hivi: "Matoka, mpaka wa zamani wa koo mbili. Hapana umuhimu wa kihistoria." Benter akanichapia karatasi. Nikamwuliza kama ninaweza kwenda nayo, akacheka.

Nikirudi nilimpitia mzee Gatimu nikamwonyesha, kwa kuringa tu, aone soko letu liko kwenye kitabu cha serikali. Akavaa miwani, akasoma mara mbili, akaniomba abaki nayo. Nikamwachia. Yangu nilikuwa nimeshanakili kwa kalamu ya Anita.

24 Machi

Mvua.

25 Machi

Mvua. Nepi hazikauki. Cucu ananipikia njahi kila siku. Hii mvua ndefu kwetu ni mvua ya njahi, na njahi ndicho chakula cha mama aliyezaa, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe. Nimemwambia nilijifungua miezi mitano iliyopita. Amesema maziwa hayatoki kwenye chai.

2 Aprili

Anita amerudishiwa kazi. Mwalimu ameandika: Amezidi matarajio. Nimezidi matarajio.

6 Aprili, Jumapili

Leo nitaandika hata kama ugali utaungua.

Matoka yamechanua. Yalitoa maua wiki hii kwa pamoja, meupe yenye mstari mwekundu, na tukitoka kanisani cucu akasimama barabarani akakataa kwenda nyumbani. Ana miaka karibu tisini. Akisimama amesimama. Akaniambia nimshike mkono tuingie kiwanjani. Nikamwambia kuna matope. Akasema matope aliyajua kabla yangu.

Tukaingia. Alitembea polepole akigusa maua kwa fimbo, kama mtu anayesalimia watu kwenye mkutano. Kwa lile la tano au la sita akaketi chini, kwenye maji, na nguo ya kanisani.

"Huyu ni Ngendo," akasema.

Nilidhani anamtaja wa mgongoni. Nikamwambia ndiyo cucu, ni Ngendo, amelala.

"Si huyo. Huyu ni Ngendo wangu wa kwanza. Mama yako alikuwa wa pili."

Nikachuchumaa. Alinieleza huku akipangusa majani ya lile itoka kwa kitambaa cha kichwa, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kuniambia niongeze chumvi. Wakati wa Hali ya Hatari, Wazungu wakipigana na Mau Mau, waliondolewa kwenye mashamba yao wakatiwa wote kwenye gicagi, kijiji cha kulazimishwa, nyumba zimebanana, handaki lenye miti iliyochongwa pande zote. Mchana wanawake walichimba handaki. Saa moja tu walifunguliwa mlango watafute chakula. Watoto walikufa kwa njaa na kuhara. Ngendo wake alikuwa na miezi sita, na maziwa yalikuwa yamekauka. Waliwazika hapa nje ya handaki, haraka, askari amesimama. Msalaba ulikatazwa, jiwe lilikatazwa, maana mkubwa wa kambi hakutaka mtu apite aone ni wangapi.

Basi wale mama wakafikiri kitu ambacho hata askari mweusi, ngati, hatathubutu kung'oa. Wakabeba vitunguu vya matoka chini ya kuni. Kila mama akampandia wake.

"Hakuna aliyeng'oa," cucu akasema. "Hata ngati. Miaka yote hii."

Nikamwuliza mbona hakuwahi kusema. Akasema hakuna aliyeuliza, na tena alijua halitang'olewa. Nikamwuliza ni wangapi. Hapo akanikazia macho.

"Watoto hawahesabiwi, Nduta. Nilikufunza."

"Lakini cucu, hao walishakufa."

"Walikufa. Hawajaacha kuwa watoto."

Sikumwambia kuhusu tingatinga. Nilimbeba hadi barabarani, mmoja mbele mmoja nyuma, na nilikuwa nikifikiria ile karatasi niliyomwachia mzee Gatimu.

8 Aprili

Nimeenda kwa mzee Gatimu nikamweleza yote, kwa heshima. Alinisikiliza amesimama mlangoni, hakunikaribisha chai, na huyu ni mzee wa kanisa ambaye hata muuza dawa ya viroboto angemkaribisha. Akasema wazee wakizeeka huchanganya mambo. Nikamwomba karatasi yangu. Akasema iko kwenye faili.

15 Aprili

Mkutano wa soko mbele ya ofisi ya chifu, kwenye mvua. Mzee Gatimu alisoma karatasi yangu kwa sauti, neno kwa neno, halafu akasema wazee wa zile koo mbili wamekubaliana mpaka utolewe, mbuzi atachinjwa, laana itaondoka kwa njia yake. Kila mtu akaitikia kwa kichwa. Ni vile tu tungefanya sote. Mtu wa huku akiona itoka anaona mpaka, hata yule mtafiti wa 1987, maana jina aliloandika chini ni la mtu wa Tetu hapa hapa. Mgeni angeuliza. Sisi hatukuuliza.

Nikasimama nikasema pale ni makaburi ya watoto. Mzee Gatimu akaikunja karatasi.

"Mama Anita, si ni wewe uliniletea hii?"

Watu wakacheka. Phyllis, ambaye tunapakana meza, alicheka hadi akashika tumbo. Na mimi nilihisi uso ukiwaka, lakini Ngendo alikuwa ananyonya na ukiwa na mtoto titini huwezi kukimbia.

"Ni mimi," nikamwambia. "Na nitakuletea nyingine."

Tangazo limebandikwa mlangoni kwa chifu: mwenye pingamizi alete kwa maandishi na ushahidi kabla ya tarehe 23 Mei.

16 Aprili

Nimeongea na Muriithi kwa simu. Ameniuliza kama ninajua meza ya saruji hupatikana mara ngapi katika maisha. Ameniuliza kama nimesahau kifua cha Ngendo mwezi wa pili. Sijasahau. Nimemwambia kama ni Ngendo wetu angekuwa chini ya pale, yeye mwenyewe angelala mbele ya tingatinga. Amesema hayo si sawa. Nimemwambia ni sawa kabisa, hata jina ni hilo hilo. Akakata simu, au salio likaisha.

17 Aprili

Mvua. Nailoni imepasuka.

22 Aprili

Kwa Benter tena. Nilikuwa nimepanga kumlaumu kwa yale maandishi, lakini alinipokonya mtoto kabla sijaanza, akamtia ndani ya ile sweta ya pili.

Nilipomaliza kueleza akasema orodha si Biblia, iliandikwa na mtu na mtu anaweza kuirekebisha. Kuna fomu. Mwananchi yeyote anaijaza. Nikamwuliza hata wa kidato cha nne, alama D. Akasema fomu haina sehemu ya alama.

Halafu akafungua kabati la picha zilizopigwa kutoka kwa ndege miaka ya Hali ya Hatari. Hizo pia ni za umma. Tulitafuta saa mbili, maana tulikuwa tukitafuta Giakanja na picha zimepangwa kwa mito. Tukafuata mto wetu kwa kidole hadi pale unapopinda, na gicagi kikatokea: nyumba kama punje za mahindi kwenye gunzi, na handaki mstari mweusi. Nje ya pembe moja ya handaki kuna kipande cheupe kilichochimbwachimbwa.

Benter akaweka ramani ya mashamba ya kabla ya vita juu yake. Mpaka wa zile koo mbili ni kijito, na kijito kiko mbali upande wa pili. Nikaongeza kwamba mpaka huwa unatoka mahali na kwenda mahali. Matoka yetu hayaendi popote, yamekaa tu pamoja.

"Hiyo andika," akasema. "Vile umesema."

Fomu ni kurasa nne. Kuna sehemu ya aina ya mahali, sehemu ya shahidi, na sehemu inayosema: Idadi. Nimeuliza kama inaweza kuachwa wazi. Ikiachwa wazi fomu inarudi.

23 Aprili

Nimemweleza cucu, pamoja na tingatinga. Nilidhani atalia. Alisema tu, "Kumbe." Kisha akaniambia nimletee debe la njahi, akaanza kuchambua.

30 Aprili

Jina langu limetolewa kwenye orodha. Mzee Gatimu hakusema, nililisoma mwenyewe ukutani, la kumi na moja sasa ni Phyllis. Meza yangu pia imesogezwa hadi kando ya choo. Nimeibeba nikaivusha barabara, nikaiweka mbele ya kiwanja cha matoka, nikafunga nailoni kwa miti miwili yangu mwenyewe. Askari wa kaunti alikuja akanitazama. Nikamwuliza anataka sukuma ya shilingi kumi au ya ishirini. Akanunua ya ishirini.

4 Mei

Muriithi amekuja, siku mbili. Hatukusemezana hadi chai ya jioni. Leo asubuhi nimemkuta sokoni anapigilia misumari, ameleta nailoni nzito ya kufunika maua kutoka Timau, ile nyeupe. Haivuji. Amesema hajakubaliana na mimi. Nimemwambia sawa, ashike upande ule akaze kamba.

9 Mei

Phyllis amekuja mezani kwangu kabla wateja hawajafika. Aliuliza nyanya, akazigeuza zote, akaacha. Kisha akasema bibi yake alikuwa akiingia kile kiwanja kila mvua na kukaa, na wao wakidhani ana wazimu kidogo. Nikamwambia anaweza kuja Jumatatu.

12 Mei

Tulienda asubuhi, mvua imepumzika. Cucu alikuwa na kiondo chake kidogo na njahi zilizochambuliwa. Mpango ni wake: kila itoka liwekewe njahi moja chini yake. Likishawekewa, tunarudi na kuokota, moja moja, ndani ya kiondo. Hakuna kusema namba. Atakayetaka kujua ahesabu njahi, njahi hazikatazwi.

"Na kwa nini njahi, cucu, si mahindi?"

"Kwa sababu hatukupikiwa," akasema.

Cucu aliketi kwenye kiti cha plastiki akituonyesha kwa fimbo: huyu wa Wangari, hawa wawili wa mke wa mhunzi. Majina ya mama aliyajua karibu yote. Phyllis alikuja na dada yake na wanawake wengine ambao sikuwaita. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimezoea kuhesabu mafungu ya mboga bila hata kutaka, kwa hivyo niliuma ulimi nikaimba nyimbo za kanisa ili kichwa kisihesabu. Wakaitikia.

Tukiwa tunaokota nikamwona mzee Gatimu. Amesimama kwenye ua wa miiba, kofia mkononi. Nikaenda kwake. Nilikuwa na maneno mengi niliyokuwa nimeyapanga tangu Aprili.

"Mmeacha moja," akasema.

Akainua matawi ya ua kwa fimbo. Chini yake kulikuwa na itoka dogo, kivulini, halijatoa ua hata moja.

"Ni la mama yangu," akasema. "Huyo angekuwa kaka yangu mkubwa."

Kila mtu huku anajua baba yake alikuwa ngati, na kwamba bunduki ya mlango wa kile kijiji alishika yeye. Hatulisemi. Linajulikana tu, kama shimo la barabarani.

"Alimzika kama wengine," mzee akasema. "Baba akiwa pale pale amesimama. Nduta, wakisema hapa ni makaburi, swali la pili litakuwa ni nani alikuwa amesimama."

Basi alijua, tangu siku ile alipovaa miwani. Niligundua nimechoka kumchukia, na pia siwezi kumwachia.

"Nimesoma ile fomu yote, mzee," nikamwambia. "Hakuna mahali panapouliza aliyesimama. Wanauliza waliolala. Lakini nikiulizwa na mtu, sitadanganya."

Nikamnyoshea mkono wenye njahi. Nikafikiri ataondoka. Akachukua moja, akainama kwa shida, akaiweka chini ya lile itoka. Akaiokota tena, akatembea nayo hadi kwa cucu, akaitia kwenye kiondo mwenyewe. Cucu alimtazama. Akamwambia, "Mama yako alikuwa na mikono mizuri ya kupanda."

Mzee alivaa kofia akaenda.

20 Mei

Mbuzi wa mpaka hajachinjwa. Hakuna aliyeeleza.

22 Mei

Nimepeleka fomu, siku moja kabla. Cucu alikataa kubaki, akapanda ngazi zile zote akipumzika kila baada ya tatu. Benter alisoma kurasa zote nne. Penye aina ya mahali nilikuwa nimeandika: Makaburi ya watoto wa gicagi. Si mpaka. Penye sababu ya kurekebisha: Walioandika kwanza hawakuuliza mama.

Alipofika penye idadi, nikaweka kiondo mezani.

Benter nilikuwa nimeshamweleza kwamba watoto hawahesabiwi. Alikigeuza kiti akatupa mgongo, akamimina njahi kwenye karatasi, na tukasikia zikigongana moja moja. Ilichukua muda. Akaandika, akafunika fomu uso chini ili cucu asione, akapiga muhuri nyuma. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni vumbi la faili. Alitaka njahi zibaki kwenye bahasha, ziwe ushahidi.

"Hapana," nikamwambia. "Namba umepata. Hizi zinarudi."

Akazirudisha kwenye kiondo, akanipa nakala ya fomu ndani ya bahasha niipeleke kwa chifu.

3 Juni

Mvua imeisha, kumebaki ukungu. Benter amenitumia kwa simu ukurasa wa orodha. Nambari ni ile ile. Maneno ya 1987 yamewekwa chini kama historia, na juu yake yako yangu, na mstari mmoja zaidi: Pasichimbwe kabla ya ukaguzi. Nimeichapisha nakala mbili. Moja nimeibandika mlangoni kwa chifu juu ya lile tangazo. Ya pili nimempelekea mzee Gatimu, kwa sababu nilimwahidi mbele ya watu. Alivaa miwani, akasoma mara mbili. Safari hii alisema niingie, kuna chai.

Tingatinga limeenda kwingine. Watu wengine wamekasirika na hawanunui kwangu, maana banda sasa litajengwa kule chini kwenye utelezi, au halitajengwa. Wasinunue. Ninakaa hapa hapa chini ya nailoni ya Timau, na ng'ombe akiingia kiwanjani ninamtoa.

Anita ameomba kuchora upya. Nimemwambia achore, lakini asiweke namba. Alichora maua hadi karatasi ikajaa.

7 Juni

Njahi za kiondo tumezirudisha leo, kila itoka na yake, tukazifukia kwa kidole. Phyllis alifukia ya ua wa miiba, mzee Gatimu magoti yanamsumbua.

Tukirudi nyumbani nilichota njahi nyingine kwenye debe, nikazichemsha mapema, nikaziponda na ndizi na siagi vile cucu alinifunza, laini, za mama aliyezaa. Nikampelekea cucu kitandani kwenye bakuli kubwa. Akauliza ni za nani. Nikamwambia ni zake, za Ngendo wa kwanza, zimechelewa.

Ngendo alitambaa hadi kwake akafungua mdomo, anaomba. Cucu akausogeza mkono wake mdogo kando, taratibu.

"Ngoja zako," akamwambia. "Hizi ni zangu."

Akala zote.